Siri Zetu Ziko Kwenye Daftari la Getini

Ukitaka kumjua Mnairobi kinaganaga, usihangaike kudukua simu yake. Nenda kwenye geti la jengo lolote la Upper Hill, Westlands au Industrial Area, umwombe soja akusogezee daftari. Humo utakuta majina matatu kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mtu alikotoka, anakokwenda, saa aliyoingia na sahihi yake. Utakuta pia habari za aliyemtangulia, na za aliyemtangulia huyo, hadi ukurasa wa kwanza uliochanika pembe. Hakuna nywila. Kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaibwa. Daftari lenyewe halikufungwa na chochote.

Nalitaja daftari kwanza kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu faragha hupenda kuanzia angani. Kaa kwenye meza yoyote ya chai mjini, utaje neno data, na utasikia ushuhuda. Kuna yule aliyekuwa akizungumza na mkewe kuhusu sofa, na kabla chai haijapoa Facebook ikamletea sofa. Kuna mwingine anayeapa kwamba hakusema kitu, aliwaza tu. Wote wanakubaliana kwamba simu inatusikiliza, kisha wanaendelea kuzungumza mbele yake.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta zile zinazowasha maikrofoni kisirisiri na kutuma sauti kwa watu wengine. Hawakupata hata moja. Walichopata ni programu chache zilizokuwa zikirekodi kinachoonekana kwenye skrini na kukituma kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kufahamu. Hilo ni baya vya kutosha, ila halina utamu wa kusimulia kama jasusi aliyejificha mfukoni.

Bwana wa sofa hakuhitaji kusikilizwa. Amehamia nyumba mpya mwezi huu. Jumamosi alizunguka kwa mafundi wa samani wa Ngong Road, simu ikiwa mfukoni na GPS imewashwa. Mkewe alitafuta bei ya sofa akitumia Wi-Fi ile ile ya nyumbani. Kukaa kusikiliza maneno ya mabilioni ya watu ni kazi ghali, tena nusu ya maneno yenyewe ni kelele za matatu. Kuwafuata watu kwa miguu ni rahisi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia rekodi za simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya, ulionyesha kwamba ukijua mahali panne tu ambapo mtu amekuwa, na saa aliyokuwa hapo, unaweza kumtenga na wengine wote katika asilimia 95 ya visa. Alfajiri Umoja, saa tatu Upper Hill, jioni Gikomba, Jumapili kanisani Kariobangi: huyo ni mmoja tu, hana pacha.

Sisemi makampuni makubwa ni malaika. Ninachosema ni kwamba tumemwogopa jini wa mbali hadi tukasahau mlango ulio wazi. Siri nyingi za Mnairobi haziibwi na mtu yeyote mwerevu. Tunaziandika wenyewe, kwa mkono wetu, tukiwa tumesimama juani, kwa kuwa kuna foleni nyuma yetu na soja amesema, “Mkubwa, jaza tu hapo.”

Daftari la wageni lilikuwepo tangu zamani, lakini baada ya magaidi kushambulia Westgate, Septemba 2013, na baada ya shambulio la DusitD2, Januari 2019, liligeuka ibada. Sheria ya mwaka 2016 ya kusimamia walinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi kukuuliza wewe ni nani, kuandika saa uliyoingia na uliyotoka, na kukaa na kitambulisho chako kwa muda. Sheria hiyo hiyo inasema habari hizo zisitumiwe kwa jambo jingine lolote ila kukutambua. Sehemu ya kwanza inajulikana katika kila geti. Ya pili sijamsikia mtu akiitaja.

Na usalama wenyewe uko wapi? Waliokuja kuua pale DusitD2 hawakusimama kuandika namba ya simu. Labda utaniambia daftari huwasaidia wapelelezi baadaye. Basi lisome kama mpelelezi. Safu ya saa ya kutoka ni tupu kurasa nzima, kana kwamba hilo jengo humeza watu. Namba za simu zina tarakimu tisa, nyingine kumi na moja. Kwenye “unakotoka” watu wameandika “Home”. Nimewahi kuona kwamba rais mstaafu alipita siku hiyo saa nne na robo, akaenda ghorofa ya pili, kwa daktari wa meno.

Watu wanadanganya, na wanafanya vyema. Mwezi Juni 2021, Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa ilipofungua huduma ya kukagua uanachama kupitia eCitizen, Wakenya kwa wingi waligundua kwamba ni wanachama wa vyama wasivyovijua, vingine hata jina lake ndiyo kwanza wanalisikia. Malalamiko yakamiminika. Ukitaka kuelewa kisa hicho, anza na hesabu: sheria inakidai chama, ili kisajiliwe kikamilifu, kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinatakiwa 24, na majina yasiyopungua 24,000, kila moja na namba yake ya kitambulisho. Ukiwa mwanasiasa mwenye haraka na asiye na wafuasi, utayatoa wapi? Vidole vingi vilielekezwa kwenye madaftari ya maajenti wa M-Pesa na ya getini. Ukiyatazama madaftari hayo unaona kwa nini: yana karibu kila kitu ambacho fomu ya chama inataka, sahihi ikiwemo.

Halafu kuna swali la daftari likishajaa. Hapa sina nadharia, nina karanga. Wachuuzi wa mjini huzifunga kwenye karatasi zilizokwisha kutumika maofisini, na karanga zangu za shilingi ishirini zimewahi kunifikia ndani ya nakala ya fomu ya bima ya matibabu, jina la mgonjwa, jinsia na tarehe yake ya kuzaliwa vikisomeka vizuri chini ya chumvi. Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kuwatambua Wamarekani wengi, asilimia 87 kwa makadirio yake ya mwaka 2000, hata majina yakiwa yamefutwa. Alitumia mbinu hiyo kuzipata rekodi za hospitali za gavana wa Massachusetts. Ilimbidi apige hesabu. Mimi nilihitaji njaa tu.

Jina ndilo linalonikera zaidi, na hili wataalamu wa faragha wa ng'ambo hawatatuandikia, kwa sababu kwao jina ni jina. Kwetu jina la tatu ni ramani. Soja akilisoma langu hunisalimia kwa lugha ya nyumbani, tunacheka, ananionyesha lifti inayofanya kazi. Ni raha. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vitambulisho vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani na vijana wenye mapanga, wakisoma majina yale yale, kwa lengo jingine kabisa. Kitambulisho cha zamani, ambacho wengi wetu bado tunacho, kimeandikwa hata wilaya, tarafa na lokesheni ya mwenyewe. Hicho ndicho tunachokiacha kwenye kisanduku cha mbao getini, kikilaliana na vya wengine, tunapewa kadi ya plastiki yenye namba 14.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iliyaona haya. Imeweka asili ya kabila katika kundi la habari nyeti, pamoja na afya na alama za mwili. Katika kundi hilo hilo imeweka majina ya wazazi, mke, mume na watoto. Kwa vile jina la tatu la Mkenya mara nyingi ni la babake, linaingia kwenye kundi hilo kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Sasa nionyeshe daftari la getini lisilo na safu ya jina kamili.

Mkoloni alipoanza kuwabebesha wanaume Waafrika kipande, kufikia mwaka 1920, chenye alama za vidole na kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma shingoni, walijua fika anayewafuata ni nani na anataka nini. Walimpinga kwa jina. Sisi tunadaiwa kitambulisho na duka la nguo.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu, hata wale wanaotetea faragha kwa bidii. Mwenzangu wa kazini alilipa nauli kwa kutuma pesa kwenye namba ya konda. Pesa zilifika na jina lake na namba nzima, na kabla hajavuka kwenda Kencom ujumbe ukaingia: “Sasa msupa, umefika poa?” Alikasirika, na ana haki. Siku hiyo hiyo mweka hazina wa chama chake cha akiba alibandika kwenye WhatsApp orodha ya wanachama wote, majina na kiasi alichotoa kila mmoja, na nani bado. Hakukasirika hata kidogo. Mweka hazina angeificha orodha hiyo kwa kisingizio cha faragha, angeitwa kwenye kikao.

Ni yule yule, ni jina lile lile, ni M-Pesa ile ile. Helen Nissenbaum, mwanafalsafa wa Marekani, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba faragha haimaanishi kuficha kila kitu. Habari ina njia zake. Iliyotolewa kwa daktari ina kanuni zake, iliyotolewa kwa chama ina zake, na uovu hutokea inapotolewa kwenye njia yake na kupelekwa kwingine. Nauli ilikuwa nauli; konda akaifanya barua ya posa. Nakubaliana naye kabisa, na nadhani sisi tulio na vyama, harambee na kamati za mazishi tungemweleza hayo kabla hajaanza kuandika.

Ukiishika fikra hiyo, utaona kwa nini programu za mikopo zilitutia uchungu kuliko Facebook yote. Unakopa elfu mbili saa tano za usiku. Programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, nawe unabonyeza “kubali”, maana mtoto anaumwa. Ukichelewa kulipa, anapigiwa simu bosi wako. Anapigiwa mama mkwe. Anapigiwa fundi wa bomba uliyemhifadhi kwa jina “Fundi Bomba”, naye anaambiwa akuhimize ulipe. Fundi Bomba hakubonyeza kitu. Hakukopa. Kosa lake ni kuwahi kukurekebishia sinki. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, lakini hawakuwahi kuona kata inayobeba majina ya kijiji kizima. Hayo masharti ambayo hakuna anayeyasoma yanajifanya kwamba habari zangu ni mali yangu peke yangu, niziuze nipendavyo, ilhali nusu yake ni za watu wengine.

Kuanzia mwaka 2022 Benki Kuu inawapa leseni wakopeshaji wa simu, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya shilingi 2,975,000. Katika tangazo hilo hilo klabu moja ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, na shule moja ya Uthiru 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ndiyo iliyolipishwa zaidi. Sina ugomvi na hilo, ingawa ningependa kujua ni shule gani jijini isiyobandika picha za siku ya kufunga muhula.

Na Worldcoin, ule mradi wa sarafu za kidijitali? Tuligeuka wacheshi wakati ule. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC kutazama tufe linalong'aa ambalo lilipiga picha ya mboni za macho yao, nao wakapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaagiza ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Uamuzi mzuri. Namba ya simu ikivuja unanunua laini nyingine. Mboni ikivuja huna duka la kwenda. Tena idhini inayotolewa na mtu mwenye njaa mbele ya shilingi elfu saba si idhini ya kujivunia.

Kilichonishangaza ni dharau. Watu wenye kazi na bima waliwacheka wale wa foleni, “wanauza macho”. Wacheshi hao hao asubuhi waliacha kitambulisho getini, mchana wakampa muuza viatu namba ya simu ili apige stakabadhi, jioni wakaacha nakala ya KRA PIN, yaani namba ya mlipa kodi, kwenye kompyuta ya cyber, ikabaki humo pamoja na PIN za mtaa mzima. Wa KICC walau walilipwa.

Nimelisema vibaya daftari, na sasa nitalitetea, kwa kuwa linakaribia kustaafu. Daftari linavuja lakini halina kumbukumbu. Hakuna anayeweza kuliuliza, “Nionyeshe kila jengo alilokwenda huyu tangu Januari.” Mwandiko wa wageni ni ngao. Mvua huliingia. Na kubwa zaidi, linakubali uongo: rais mstaafu anaweza kwenda kwa daktari wa meno kwa amani.

Majengo kadhaa sasa yameweka tableti. Unasimama mbele yake, inapiga picha ya uso, inasoma kitambulisho pande zote mbili, inakutumia namba ya siri kwenye simu ili ihakikishe hukudanganya. Wenye majengo wanaiita maendeleo, na kweli foleni ni fupi na ukurasa wa aliyekutangulia huuoni tena. Lakini sasa kuna uso uliounganishwa na kitambulisho, kilichounganishwa na simu, iliyounganishwa na saa na mahali. Kumbuka mahali pale panne. Jengo moja ni pointi moja. Kampuni moja ya ulinzi yenye majengo thelathini haihitaji mnara wa simu.

Sheria haiko kimya. Kabla ya kuchukua habari zangu, anayezichukua anapaswa kunieleza ni za nini, zitamfikia nani na zitalindwaje. Mradi wenye hatari kubwa unapaswa kutanguliwa na tathmini ya athari. Serikali yenyewe ilibanwa na kifungu hicho: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba usambazaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, ulikuwa haramu kwa sababu tathmini haikufanywa. Mradi wa mabilioni ukakwama kwa karatasi moja ambayo haikuandikwa. Anayetaka kuskani nyuso za watu wanaokwenda kununua miwani naye ana cha kuandika. Angeanza na kibao kidogo pale getini: tunachukua hiki, kwa sababu hii, tutakifuta siku fulani. Na kama mgeni anakwenda kuchukua kifurushi tu, jina moja na namba ya ofisi aendako vinatosha. Huyo anayemsubiri ndiye athibitishe. Hilo linahitaji simu ya mezani, na simu ya mezani ipo.

Kwenye jengo moja ninaloingia kikazi, tableti ilipowekwa, nilimuuliza soja picha zetu zinakaa wapi na kwa muda gani. Ni kijana mpole, anasimama zamu ya saa kumi na mbili, na mshahara wake hautoshi kumfanya awe wakili wa mtu. Akaniambia hayo ni ya watu wa ofisi ya jengo, ghorofa ya tatu. Nikapanda. Ghorofa ya tatu wakaniambia mtambo ni wa kampuni ya ulinzi, wao wanalipa tu. Kampuni ya ulinzi, kwenye simu, wakasema programu waliinunua kwa watu wa IT na wenyewe hawaioni data. Watu wa IT walinijibu kwa barua pepe, siku iliyofuata, kwa adabu sana. Walisema wangefurahi kunisaidia, ila kwanza niwatumie nakala ya kitambulisho, pande zote mbili.